Namna ya Kuwa Fundi wa Bao Bila Kukaa Barazani

Zamani, yaani mpaka juzi, mtu aliyetaka kuwa fundi wa bao hapa Mji Mkongwe alikuwa na njia moja tu, nayo ni kukaa. Alikaa baada ya sala ya alasiri, pembeni mwa baraza, asiulize kitu, akiangalia mikono ya wakubwa mpaka magharibi iadhiniwe. Kesho yake alirudi. Akishatumwa kahawa mwaka mzima bila kukosea hesabu ya vikombe, ilitokea siku mzee mmoja akakosa mwenza, akamwita: "Njoo wewe, kaa hapo tupoteze wakati." Akafungwa. Watu wakacheka mpaka Sokomuhogo wakasikia. Kesho yake akarudi tena kufungwa.

Mwenyewe unaona kuwa utaratibu huu haumfai mtu mwenye shughuli zake. (Mwalimu Nyerere alikuwa na nchi nzima ya kuendesha na bado alipata wasaa wa kucheza bao, lakini yeye hakuwa na makundi kumi na manne ya WhatsApp.) Jiwe la baraza ni gumu, kahawa ni chungu, na wazee wana midomo. Bahati nzuri simu iliyomo mfukoni mwako inaweza kukuepusha na vyote vitatu. Mimi niliyelikalia jiwe hilo miaka thelathini, na bado naitwa mwanafunzi, nimejitolea kukuonesha njia. Ufuate mwongozo huu vizuri, na baada ya miezi mitatu utakuwa bingwa asiyejulikana na mtu yeyote.

Kwanza itafute programu ya bao, na usidhani ni kazi ya dakika moja. Andika "bao" uone. Utaletewa mabao ya Simba na ya Yanga, likiwemo moja la dakika za majeruhi ambalo watu bado wanaligombania. Chini yake atatokea mganga anayepiga bao na kumrudisha mpenzi aliyeondoka, malipo baada ya kufanikiwa. Chini ya mganga litatokea andazi la Kichina la kupikwa kwa mvuke, nalo ati jina lake bao. Usikate tamaa. Jaribu maneno ya ndani ya mchezo. Andika "mtaji": utamiminiwa mikopo ya papo kwa papo, na kila mkopeshaji atataka kwanza kuyaona majina ya watu wote uliowahifadhi kwenye simu. Andika "nyumba": vyumba viwili na ukumbi, Mombasa kwa Mchina, kodi ya miezi sita mbele. Andika "kete", na hapo nakusihi uwe na hadhari, kwani habari zote zitakazokuja ni za polisi, na simu hazina siri.

Barazani maneno hayo hayajapata kumchanganya mtu. Nyumba ni lile shimo la mraba katika safu ya mbele, la nne ukihesabu kutoka kulia kwako, ambalo wachezaji hulilinda kuliko wanavyolinda nyumba zao za kweli. Kunamua ni kuziingiza kete za mkononi moja moja. Zikisha, unaingia kwenye mtaji, na hapo ndipo mtu hujulikana kama alikuwa akicheza au akiotesha mbegu. Kulala ni kuishia kwenye shimo tupu, zamu yako ikafia hapo, hata kama ulikuwa na mipango ya kufika Pemba.

Programu za bao zipo, chache, na ukiipata moja utafurahi. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 katika safu nne, na kete 64. Barazani, kabla ya kuanza, kila mtu huweka kete sita nyumbani, mbili mbili katika mashimo mawili ya kulia kwake, na 22 zilizobaki huzishika. Upangaji huu unachukua muda, na ndio muda ambao watu huulizana habari za wagonjwa. Simu itakupangia yote kwa kugusa mara moja. Habari za mgonjwa utazipata siku ya maziko.

Kisha utaona jambo la kupendeza zaidi: ndani ya kila shimo, simu imeandika tarakimu. Tatu, saba, kumi na moja. Zizoee tarakimu hizo mpaka usiweze kuishi bila ya hizo. Fundi wa barazani ana taabu kubwa. Hutupa jicho tu kwenye shimo lililojaa komwe, akajua kuwa mle mna tisa, na kwamba tisa hizo zikianzia hapa zitaishia pale, zitakula, zitaingia kwa kichwa cha kushoto, zitazunguka tena, ziokote, na mwisho wa safari zilale shimo lile kule, ambako mpinzani ataachwa na kete mbili za kuombea dua. Yote hayo kichwani, kidole hakijagusa kitu, na katikati yake anamjibu mtu juu ya bei ya changu. Mholanzi mmoja, Alexander de Voogt, alikuja Unguja miaka ya 1990 kwa ajili ya vichwa hivyo hivyo. Alikaa na mafundi wetu, akarudi Leiden, na mwaka 1995 akatoa tasnifu nzima juu ya umahiri wa bao na mipaka ya akili ya binadamu. Mtu anatoka nchi ya mashine kuja kusoma bongo za wazee wa mtaani, na sisi tunawapita palepale kwa pikipiki, tunawapigia na honi wasogeze miguu.

Simu yako haitakuruhusu kukosea. Hili ni la kulishukuru, kwa sababu sheria za bao ni nyingi na zina mashimo yake zenyewe. Ukiwa na cha kula lazima ule. Huna cha kula, unatakata. Kuna kutakasia, kuna kichwa na kimbi na upande wa kuanzia, na kuna masharti ya nyumba ambayo nimeyaona yakiwanunisha ndugu wa tumbo moja kuanzia Rajabu mpaka Ramadhani ikaingia wakalazimika kusameheana. Simu inayajua yote, kwa hiyo wewe huna haja ya kujua hata moja. Mashimo yanayoruhusiwa yatang'aa. Gusa linalong'aa. Ukiona umegusa vibaya, kuna kitufe cha kurudi nyuma. Rudi. Rudi tena. Barazani kete ikishatoka kidoleni imekwenda, kama tusi. Ukijaribu kuirudisha watu watakuuliza kama kwenu mnarudisha na wali uliokwisha liwa.

Sauti izime. Mlio wa kete ndani ya mbao hauna faida yoyote kwa mchezaji wa kisasa. Bibi yangu, ambaye hakupata kuketi barazani hata siku moja kwa kuwa baraza ya nje ilikuwa ya wanaume, alilijua bao kwa mlio. Dirisha lake lilikuwa juu ya wachezaji. Akikuna nazi, ghafla husimamisha mkono na kusema, "Huyo kavunja nyumba mapema," na baada ya dakika mbili husikia kweli zogo limepanda. Simu ingemfaa sana bibi. Angecheza kimya, peke yake, na nazi ingekwisha haraka.

Sasa tufike kwenye neema kubwa kuliko zote, ambayo wauzaji wa simu wenyewe sijaona wakiitangaza: kufungwa faragha.

Barazani mtu hafungwi peke yake. Hufungwa mbele ya aliyekuwa akipita na kikapu cha samaki, mbele ya mtoto aliyetumwa mkate, mbele ya mtalii asiyeelewa kitu lakini anapiga picha. Jirani yetu mmoja alifungwa mkononi, yaani kabla hata kete zake za kunamua hazijesha, na aliyemfunga alikuwa mgeni wa kutoka shamba aliyesema tangu mwanzo kuwa bao amelisahau. Tangu siku hiyo jirani anaitwa Mkono. Mwanawe alipooa, kadi ya mwaliko iliandikwa jina lake kamili, na mtaa mzima ukaulizana ni nani huyu. Mkono sasa ni mchezaji wa kutisha. Alikaa miaka minne akiangalia mikono ya watu, akifungwa, akiuliza, akifungwa, kwa sababu jina lile lilikuwa linamngoja kila alipotoka mlangoni, na njia ya kulivua ilikuwa kupitia jiwe lile lile.

Wewe simu haitakupa jina. Ikufunge mara arubaini kwa usiku mmoja, asubuhi utatoka ukiwa ni yule yule wa jana, umejipaka mafuta, hakuna anayejua. Ukiona aibu kidogo ndani ya nafsi, punguza ukali wa mashine. Ipo sehemu ya kuchagua, kutoka "ngumu" hadi "wastani" hadi "rahisi". Katika rahisi utaifunga simu. Itarusha fataki na kukuita bingwa. Mzee wa barazani hana sehemu ya kumpunguzia ukali, ingawa nimesikia wapo waliojaribu kwa halua.

Na simu nayo haioni haya. Ukiifunga haitachelewa kuja kesho, haitasema jana ilikuwa na homa, haitamlaumu aliyekuwa akiongea pembeni. Haina mke wa kumkuta amekwisha sikia matokeo kabla haijafika nyumbani. Utakuwa umemfunga asiyekuwapo, mbele ya wasiokuwapo, na ushindi huo utaupeleka unakotaka.

Hapana shaka wazee watakwambia kuwa mashine zinaua mchezo. Jiandae na majibu, na majibu mazuri yako kwenye sataranji, kwa kuwa huko vita hivi vimepiganwa mpaka mwisho. (Sataranji ni jina tulilolipata kwa Waarabu, waliolipata kwa Waajemi, walioupata mchezo wenyewe Bara Hindi, na sina shaka kuwa katika kila bandari alikuwapo mzee akisema vijana wameuharibu.) Tarehe 11 Mei 1997, mjini New York, bingwa wa dunia Garry Kasparov alishindwa na Deep Blue, mashine ya IBM iliyoweza kupima hali milioni 200 za ubao kwa sekunde moja. Tuna mzee hapa ambaye hupima hali moja kwa muda ule muuza kahawa anaoutumia kutoka Mkunazini mpaka Jaws Corner, dele mkononi, vikombe vikilia, na akifika anakuta bado. Watu walisema siku ile sataranji imekwisha. Haikwisha. Inachezwa kila mahali, na vijana wanaifahamu kuliko baba zao walivyoifahamu. Kilichobadilika ni mtazamaji. Siku hizi hutazama mashindano ya mabingwa huku mashine ikimwonesha pembeni, papo hapo, kuwa bingwa amekosea. Mtu asiyeweza kumfunga mpwa wake wa darasa la tano hushika kichwa na kusema, "Ah, huyu bingwa wa dunia naye!"

Habari ya choo wasiisikie wazee, watakushinda kwayo. Mwaka 2019, Strasbourg, Ufaransa, fundi mmoja mwenye cheo cha juu kabisa cha sataranji alipigwa picha akiwa chooni na simu. Simu siku hizi ina nguvu ya kumfunga binadamu yeyote aliye hai, kwa hiyo kwenye mashindano makubwa wachezaji hupekuliwa kama abiria wa ndege. Barazani kwetu mtu akienda chooni mara tatu katika bao moja tunajua kuwa ni sukari, na tunamuuliza kama dawa anakunywa.

Dama nayo ina kisa chake. Jonathan Schaeffer wa Chuo Kikuu cha Alberta, Canada, alianza mwaka 1989 kuifanyia kazi dama ya Kiingereza ya miraba 64, na mwaka 2007 yeye na wenzake wakatangaza kuwa wameimaliza. Miaka 18, kompyuta nyingi kwa wakati mmoja, na jibu likawa hili: kama hakuna anayekosea, mchezo ni sare. Niliwapelekea habari hii wachezaji wa dama wa Darajani. Wakanisikiliza kwa adabu. Kisha mmoja akauliza, bila kuinua macho, "Hakuna-anayekosea ndiye nani huyo? Mwambie aje."

Hata ndugu wa bao hawakusalimika. Wari, ule mchezo wa Afrika Magharibi wa safu mbili za mashimo, ulimalizwa mwaka 2002 na John Romein na Henri Bal, Waholanzi tena, sijui wanakula nini watu hawa. Kompyuta zao zilipitia hali bilioni 889 za mchezo ule, zote, hazikubakisha, na jibu likawa ni lile lile: sare.

Basi na bao letu? Mwaka huo huo wa 2002, Maastricht, nchi hiyo hiyo, Jeroen Donkers na Jos Uiterwijk waliandika juu ya namna ya kuifundisha kompyuta bao la Kiswahili. Hapo mashine ikakutana na mambo. Katika sataranji unasogeza kimoja unangoja. Katika bao zamu moja inaweza kuokota, kuzunguka, kula, kuokota, kuzunguka tena, na mwaka 2006 watafiti wa huko walichapisha makala nzima juu ya zamu zisizokwisha: mipango ya kete ambayo mchezaji akianza kutembea hafiki. Si kwamba huchelewa kufika. Hafiki. Kompyuta isiyoambiwa mapema itazunguka mpaka umeme ukatike. Barazani hatujapata kuona zamu ya namna hiyo ikimaliza kiu ya watu, kwa sababu kabla haijafika mbali huwa mtu ameshapiga kelele kuwa kete imeangukia shimo silo, na baada ya hapo hakuna anayekumbuka ilikuwa zamu ya nani.

Mimi naona bao limesalimika kwa kudharauliwa. Hakuna kampuni iliyolitengenezea Deep Blue yake. Hakuna bingwa wetu aliyepelekwa New York akakalishwa mbele ya kabati la chuma na waandishi wa habari. Kwenye maduka ya Gizenga utaziona mbao za bao zimepangwa kando ya vinyago na vikoi, nyingine zinajikunja katikati kwa bawaba, mashimo mafupi kama visahani, kwa ajili ya kuning'inizwa kwenye kuta za Ulaya. Programu uliyoipakua inawezekana ikawa ya aina hiyo hiyo, bao la kuning'iniza. Inawezekana pia ikawa fundi mkubwa. Ubaya ni kuwa wewe huna namna ya kujua, kwani hujacheza na fundi.

Hatua inayofuata ni kucheza na walio mbali. Nusu ya baraza yetu iko Maskati, na wengine wako Uingereza na Canada wanakula ubaridi. Ami yangu wa Maskati hupiga simu ya video kila Ijumaa, tunaisimamisha simu kwenye ukingo wa bao kwa kuegemeza kikombe, na kijana mmoja humkopesha mkono: ami anasema "kimbi, kulia", kijana anatembeza. Mimi nilikuwa mpinzani wa jambo hili, na ni lazima niseme ukweli, zile Ijumaa ndizo siku ambazo baraza hujaa. Ami anatukana vizuri kuliko alivyokuwa hapa. Miaka ishirini ya kiyoyozi haikumtia kutu kwenye ulimi. Tatizo lilizuka mara moja tu, picha ilipoganda kete zikiwa njiani. Iliporudi, yeye alikuwa anadai bado anatembea, sisi tunasema ameshalala. "Sikulala mimi," akapiga kelele, "mtandao wenu ndio umelala!" Mzee aliyekuwa anacheza naye akakubali hoja, akairudia zamu nzima kutoka mwanzo, kete kwa kete, kwa kumbukumbu. Ukitaka, hiyo unaweza kuiita teknolojia. Lakini hili lisikupotoshe. Kucheza na ami kuna watu ndani yake, na mwongozo huu ni wa kuwaepuka watu.

Sasa miezi mitatu imetimia na wewe ni bingwa. Utashawishika kwenda barazani kuonesha. Nakushauri usiende. Najua utakwenda.

Nenda Jaws Corner basi, ujue unaingia wapi. Mahali pale pamepewa jina la filamu ya papa ya mwaka 1975, kwa hiyo usiwaambie kuwa hawajui mambo ya kisasa. Televisheni ipo, huwashwa kukiwa na mpira. Na iko simu ya zamani iliyotundikwa, yenye bango linalotangaza kuwa kupiga nje ya nchi ni bure. Haina waya wa kwenda popote. Katika mashine zote zilizowahi kuletwa kwenye kona ile, hiyo ndiyo peke yake isiyomsumbua mtu akinamua.

Amkia. Anza na aliye mkubwa, "Shikamoo mzee," kisha wengine kwa mkupuo. Usiketi mpaka uoneshwe pa kuketi. Usitaje simu. Watakuuliza wewe ni wa nani, na utajibu, na watasema, "Aa, mjukuu wa fulani, yule aliyekuwa akila nyumba yake mwenyewe," na hapo utagundua kuwa kabla hujagusa kete umeshaanza kucheza, na uko nyuma.

Utapangiwa bao, na mambo yatakwenda hivi. Utaangalia mashimo kutafuta tarakimu, hamna. Utangoja yang'ae, hayang'ai. Komwe ni laini, zimeng'arishwa na mikono ya watu ambao wengine walishazikwa, na zitakuponyoka. Ukizitembeza, mbili zitaangukia shimo moja, na mtu nyuma yako atasema, "Mwenzetu anapanda pacha." Utachukua muda kufikiri na hutapewa muda. Utaharakisha na utaambiwa una haraka gani, ndege? Mzee aliye mbele yako hatakuwa anakuangalia kabisa. Atakuwa anazungumza na mtu mwingine juu ya ufa wa ukuta wake na mamlaka zisizompa kibali, kwani Mji Mkongwe ni urithi wa dunia tangu mwaka 2000, na ufa nao ni urithi. Katikati ya habari za ufa ataingiza kete moja, atembeze, ale, azunguke, ale tena, aingie kwako, atoke, na alale pale alipojua tangu mwanzo kuwa atalala. Kisha atamaliza sentensi yake juu ya chokaa.

Kidole gumba chako kitacheza hewani kikitafuta kitufe. Kizuie. Watu wanaona.

Huenda ukafungwa mkononi. Ukifungwa usiondoke, na hili nalisema kwa uzito wote ambao mwongozo wa aina hii unaweza kuubeba. Anayeondoka siku ya kwanza hubaki na jina alilopewa siku ile. Agiza kahawa ya watu wote. Mwulize mzee, "Pale nilikosea wapi?" Simu ingekuonesha kwa mshale mwekundu. Mzee atakwambia, "Palepale," na atakunywa kahawa yake, na itakubidi uje kesho kuuliza ni papi hapo.

Limebaki la umeme. Mwezi Mei 2008 umeme wa kutoka bara ulikatika Unguja nzima, ukarudi Juni, karibu mwezi mmoja baadaye. Desemba 2009 ukakatika tena, na safari hiyo haukurudi mpaka Machi 2010. Miezi mitatu. Friji zikawa makabati. Jenereta zilinguruma mahotelini, na kwetu sisi wengine, kiza. Siku zile bao lilichezwa kwa kandili, na watu walioliacha kwa ajili ya televisheni walikuwa wakitokeza vichochoroni mmoja mmoja, wakitoa salamu za watu waliokuwa safarini. Baraza haikuuliza walikuwa wapi. Iliwasogezea kahawa.

Umeme wetu wa leo ni bora zaidi, lakini nao una zamu zake za kulala. Kwa hiyo siku utakapokuwa umeketi pale, umefungwa mara ya tatu, magharibi imeshaswaliwa na mzee amesema "moja ya mwisho", taa ya ukutani itazimika. Watu watasema "Aaa!" kama wanavyosema siku zote. Hakuna atakayesimama. Mkono wako utaingia mfukoni wenyewe. Simu itakuwa imebakiwa na asilimia tisa, na fataki za jana usiku bado ziko kwenye kioo. Ziondoe haraka kabla hawajaziona. Washa tochi. Iinue juu ya bao. Sasa mashimo yatang'aa, yote thelathini na mawili, na komwe zitatupa vivuli vidogo vidogo, na kwa mara ya kwanza utaona kwa jicho tu, bila tarakimu, kuwa lile la pembeni lina saba. Au nane.

Mzee hatakushukuru. Atainamia bao, atainua kete moja, ataishikilia hewani, halafu atasema:

"Inua juu kidogo, mjukuu wangu. Kivuli chako kimeniingia nyumbani."